Baba anatembelea woka, bafu linateleza balaa na hataki kuogeshwa. Nifanyeje?

Kijana wa Chumbageni:
Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumekwama. Mzee wangu ana miaka 76, alianguka barazani akavunjika nyonga, akafanyiwa operesheni wakamwekea nyonga ya bandia. Kidonda kishafunga, nyuzi zimetolewa, daktari karuhusu aoge kama kawaida. Anatembelea ile woka, fremu ya kushikilia yenye miguu minne isiyo na matairi, sebuleni anakwenda vizuri tu, hata uani anafika, shida ni bafuni.

Bafu letu liko hivi, choo na bafu pamoja, choo cha kuchuchumaa kiko mwisho kule. Taili nyeupe za kung'aa chini mpaka ukutani, yani fundi alichukua za ukutani akaziweka na sakafuni, mnazijua. Mlangoni kuna kizingiti cha kuzuia maji, mlango wenyewe unafungukia ndani. Tunaoga kwa ndoo na kopo. Mzee siku zote anaoga amekaa kwenye kigoda, na habari ya kuogeshwa hataki hata kuisikia. Mama miguu inamsumbua hawezi kumshika, mke wangu ni mkwe wake hilo halizungumziki, mimi kazi yangu ya zamu kuna siku narudi asubuhi. Kwahiyo anaingia mwenyewe na woka yake, anapiga komeo, sisi huku nje roho mkononi tunasikiliza kama maji bado yanamwagika. Juzi kopo limemponyoka, nyumba nzima mbio mpaka mlangoni, akatufokea huko ndani "mnataka nini?"

Haja kubwa tumemnunulia kile kiti chenye tundu na ndoo chini, anakitumia kwa shingo upande. Sasa kuoga ndo naomba msaada. Niweke nini chini? Na vile vyuma vya kushikilia ukutani fundi wa kawaida anaweza kutengeneza au mpaka ninunue?

Mama Zuu:
Pole sana mwanangu, mzee Mungu amjaalie nafuu. Sisi bibi yetu tulimtandikia gunia la katani chini likawa halitelezi, jaribu na wewe. Na hilo komeo ng'oeni leo leo.

Fizio wa Moro:
Habari, mimi ni mfizio, yani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, nimeshughulika na wazee wengi wa nyonga. Komeo nakubaliana na Mama Zuu, gunia hapana. Gunia likilowa linajikunja, mguu wa woka unanasa kwenye mkunjo, na mtu wa woka hana mkono wa tatu wa kujidaka. Kitu chochote kinachotandikwa na kinaweza kusogea, iwe gunia, kapeti, taulo kuukuu, kwa mtu wa woka ni mtego.

Ila kilichonishtua zaidi kwenye maelezo yako ni KIGODA. Mwambie mzee kigoda apumzike nacho kwanza. Nyonga ya bandia miezi ya mwanzo misuli na nyama zinazoishikilia hazijakaza, ukikunja paja likapita pembe mraba, yani goti likawa juu kuliko nyonga, kile kichwa cha nyonga kinaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Kigoda kinamkalisha magoti yakiwa kifuani, hapo hapo anainama kuchota maji kwenye ndoo iliyoko chini, afu anainama tena kusugua vidole vya miguu, anageuza kiuno kufuata sabuni. Bafuni anaweza asiteleze kabisa na bado nyonga ikatoka. Masharti haya kila daktari anayo ya kwake kutegemea operesheni ilipitia upande gani, na muda wake pia, kwahiyo muulize aliyemfanyia lini anaweza kulegeza. Mpaka hapo fuata hivi:

Akae kwenye kiti kirefu chenye mikono. Mpime akiwa amevaa viatu vyake vya bafuni, kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, kiti kizidi hapo vidole viwili vitatu, ili akikaa nyonga iwe juu ya goti. Ndoo nayo ipande, iweke juu ya stuli nzito pembeni yake upande wa mkono anaochotea, usawa wa paja. Isikae mbele, akaanza kuiinamia, wala nyuma akajigeuza. Na isijazwe pomoni, ndoo nusu mbili ni bora kuliko moja iliyojaa. Dodoki lifungieni mpini mrefu wa ubao au bomba la plastiki afike miguuni bila kuinama. Sabuni ya kipande itie kwenye soksi nyembamba uifunge kwenye mkono wa kiti, ikimponyoka inaning'inia tu, haimchokozi kuifuata chini.

Kukaa kwenyewe kuna namna. Anarudi nyuma na woka taratibu mpaka asikie kiti kimegusa nyuma ya miguu YOTE miwili, mguu uliofanyiwa operesheni anautanguliza mbele kidogo, anaachia woka mkono mmoja unakwenda kwenye mkono wa kiti, kisha wa pili, ndo anashuka. Kusimama ni hivyo hivyo kinyumenyume, anajisukuma kwa mikono ya kiti. Wengi wanaivuta woka ili wasimame, ile woka inapinduka inawafuata kifuani. Na geuza woka uangalie raba za chini, zikishalika zikawa laini kama kisigino cha kandambili kuukuu, kwenye taili ya maji hazishiki kitu.

Hicho kiti chenye tundu mlichonunua mbona ndo chenyewe? Toa ndoo ya chini, kioshe, kina mikono, vingi vina miguu ya kurefusha. Kitumie.

Jembe la Mkono:
Mnahangaika bure, mfute mwili na kitambaa cha maji ya vuguvugu kitandani yaishe. Mzee wa 76 anaoga kila siku anaenda wapi?

Fizio wa Moro:
@Jembe wakati wa kidonda kumfuta ilikuwa sawa, sasa hivi anatembea. Mzee anayejiogea mwenyewe anasimama, anakaa, ananyoosha mikono, hayo ni mazoezi tosha kila siku. Mkimlaza mumfute misuli inalegea, siku akisimama ndo anaanguka vizuri zaidi.

Kijana wa Chumbageni:
Dah Fizio ubarikiwe, hili la kigoda hakuna aliyetuambia. Nimeongea nae leo. Kigoda kakubali kukiacha baada ya kumwambia nyonga inaweza kuchomoka, hapo aliniangalia vibaya ila akanyamaza. Kiti chenye tundu kakataa katakata. Anasema hawezi kutafuta twahara juu ya kiti cha najisi, nimwambie kimeoshwa na dawa, anasema wewe ogea hapo. Sasa sijui.

Kingine, anatawadha mara tano kwa siku bwana. Zamani alikuwa anasimama anainua mguu mmoja juu ya karo, anaosha, anainua mwingine. Juzi nimemkuta anataka kujaribu hivyo hivyo huku kashika woka mkono mmoja!

Fundi Grili:
Mkuu hapo kwenye kiti mimi nakujibu, usigombane na mzee. Nenda kwa welda yeyote akuchomelee kiti cha kuogea peke yake, kazi ya nusu siku. Wazo la kiti cha plastiki cha harusini ulitoe kabisa kichwani, vile miguu inatanuka kwenye taili yenye maji, na kikishapigwa jua miaka miwili kinakatika bila kuaga.

Mwambie welda miguu ya nyuma itoke nje kidogo kuliko kiti chenyewe, isiwe imenyooka wima, itakuwa haipinduki akiegemea. Mikono itokeze mbele mpaka usawa wa magoti maana mtu anasukumia pale mbele pale. Kwa chini funga raba nene, zile za magongo zinauzwa madukani peke yake. Pa kukalia weka mbao zilizopigwa randa na nafasi kati yake maji yapite, pembe zote zipigwe msasa, mtu anakaa uchi hapo. Afu angalia sakafu yako imeinamia wapi, bafu zote zimeinamia tundu la maji, kiti ukikiweka kinalala upande. Kipeleke bafuni kabla hakijapakwa rangi, chonga miguu ya upande wa juu mpaka kitulie.

Vyuma vya ukutani, bomba la maji la chuma la inchi moja linatosha sana, kwa nje linakuja kama milimita 33, mkono wa mzee unalizunguka vizuri. Liache sentimita 4 hivi kutoka ukutani, vidole vinapita ila mkono mzima hauwezi kuzama na kunasa. Kimo, mzee asimame wima na viatu vyake, bomba liwe usawa wa kifundo cha mkono wake, kwa watu wengi inaangukia sentimita 85 mpaka 90. Weka moja la kulala pembeni ya kiti na moja la kusimama wima karibu na mlango pale kwenye kizingiti.

Sasa sikiliza hapa maana ndo mafundi wengi wanaharibu. Usikubali akufungie na skrubu na zile fisha za plastiki kwenye taili. Taili ni ganda tu, nyuma yake kuna plasta, tofali liko ndani huko. Mwambie atoboe mpaka aingie kwenye tofali lenyewe atumie bolti za chuma zinazotanuka. Kama tofali ni zile zenye uwazi katikati au nyumba ni ya udongo, bolti ipenye ukuta mzima itokee upande wa pili, huko iwekewe bati nene na nati. Ukuta ukiwa mbovu kabisa achana nao, simamisha nguzo ya bomba kutoka chini, chimba nusu mita, mwaga zege. Akimaliza akae siku mbili zege likauke, afu WEWE mwenyewe jining'inize kwa uzito wako wote. Ukisita kuning'inia ujue mzee asishike.

Na mzee asizoee kushika sinki wala kile cha kutundikia taulo. Vimefungwa kubeba taulo hivyo.

Mvita Matairi:
Salaam ndugu yangu wa Tanga. Mimi ni wa Mombasa, natumia wilichea tangu niumie uti wa mgongo, naoga peke yangu na naishi peke yangu, basi haya mambo nayajua kwa ngozi yangu.

Aliyosema fundi ni sawa ila ameongea kama mtu wa bara. Huku pwani, na huko Tanga nadhani ni yale yale, maji ya kisima yana chumvi, chuma chaliwa kwa ndani wewe waona rangi tu inang'aa. Bomba liwe lile la chuma lililopakwa zinki, na pale palipochomelewa zinki imeungua, hapo ndipo kutu huanza, papakwe rangi mara mbili tatu. Kila mwezi gonga na bisibisi uskize mlio. Ukiwa na uwezo chukua chuma cha pua kisichoshika kutu uache mawazo.

Kizingiti mimi nilikivunja chote. Kizingiti cha tofali zima ni kama sentimita 10 na zaidi, kwa kiti cha magurudumu mteremko mzuri ni mita moja na robo kwa kimo hicho, nani ana nafasi hiyo mlangoni? Fundi alisawazisha, akachimba mfereji mwembamba mlangoni akaufunika kwa grili, maji yaingia humo. Baba yako ni wa woka, kama hamtavunja, basi mfunzeni: kupanda anatanguliza woka, kisha mguu mzima usioumwa, kisha ule mgonjwa. Kushuka woka, mguu mgonjwa, kisha mzima. Na mlango geuzeni ufunguke nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango wa kufunguka ndani, mwili wake wenyewe ndio utawazuia kuingia.

Maji moto ndiyo yaliyonipa kovu nilonalo, basi hapa niwacheni niseme sana. Tia maji BARIDI kwanza kwenye ndoo kisha ongeza ya moto, pima kwa kiwiko, usipime kwa vidole vilivyozoea sufuria. Mimi miguu haisikii kitu, lakini si mimi tu, mwenye sukari ya miaka mingi naye miguu yake yaweza kuwa haisikii, na aliyepigwa na kiharusi ule upande uliolala pia. Mtu kama huyo mguu waweza kuungua naye anajipigia soga. Kama mzee ana sukari mwangalieni nyayo kila akitoka kuoga na mkaushe katikati ya vidole.

Kwa wenzangu wa wilichea watakaosoma hapa: breki ZOTE mbili, vyuma vya kukanyagia viondolewe njiani, na mkihama kwenda kiti cha kuogea tandikeni leso (kanga), ngozi tupu hunatana na plastiki ikachubuka. Na msikae kwenye mbao tupu muda mrefu, kidonda cha makalio chaanza hapo. Kwa vifaa, Kenya waulizeni APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo. Tanzania nasikia watu wakiisifu hospitali ya CCBRT ya Msasani, Dar es Salaam.

Dada wa Reading:
Mimi nafanya kazi ya kulea wazee huku Uingereza, naongeza mawili tu wenzangu wamemaliza. Mzee anatumia dawa za presha? Akioga maji ya moto mishipa inalegea, presha inashuka, akisimama ghafla anaona giza. Akimaliza akae hapo hapo, ajifute, avae msuli wake akiwa amekaa, ndo asimame taratibu. Nguo ziwe ndani karibu na mkono. Wengi wanaanguka wakiwa wameshamaliza kuoga, kavaa kandambili mbichi anaharakisha kutoka. Mnunulieni yeboyebo yenye mkanda wa nyuma na soli yenye meno.

La pili hiyo aibu yake. Usimwambie "tunakuja kukuogesha". Huku tunawafunika taulo kubwa mapajani muda wote, wanamwagiwa maji na taulo likiwepo, anajisafisha mwenyewe kwa chini yake. Kama kuna mjukuu wa kiume amkabidhi mgongo na miguu tu. Babu akishazoea mjukuu kumsugua mgongo ataanza kumwita mwenyewe.

Mama Zuu:
Na kutawadha mwambie akae kwenye kiti, mjukuu amimine maji na amwoshee miguu. Kusaidiwa udhu mtu asiyejiweza inajuzu, akibisha amuulize imamu wake, atamsikia kuliko nyie. Gunia nimelitoa jamani, nimeelewa 😅

Kijana wa Chumbageni:
Wakuu narudi na mrejesho kama nilivyoahidi inbox. Welda kachomelea kiti, fundi alipokileta kikawa kinacheza kweli, ikabidi wakate mguu mmoja nyuma. Mzee alikikagua kama anakagua jeneza, akakaa, akainuka, akakaa tena, akauliza mbao ni ya mti gani. Akaambiwa mninga, basi akanyamaza, nikajua kimepita.

Mlango unafungukia nje. Komeo tumeng'oa akalalamika sana, tukaweka pazia ndani ya mlango na kengele ya baiskeli kwenye mkono wa kiti. Kengele hapigi akiwa na shida, anapiga akitaka maji yaongezwe, lakini si haba tunajua yuko hai. Kizingiti fundi kakata nusu. Ukutani tumeingiza bolti mpaka nje kwa jirani, jirani kaja kuuliza bati la nini ukutani kwake tukayamaliza.

Udhu, imamu kapita kumwona baada ya Ijumaa, kamwambia maneno mawili tu. Sasa mwanangu wa kiume wa darasa la tano ndo mwosha miguu rasmi na analipwa mia mia.

Kilichobaki ni zile taili. Kuzing'oa zote sasa hivi sina uwezo. Kuna mtu dukani ananiuzia mkeka wa raba wenye vinyonyeo chini, unafaa?

Fundi Grili:
Vinyonyeo vinashika kwenye taili safi ya kung'aa kama yako, ila lazima uubandue kila siku ukauke, chini yake panaota ule utelezi wa kijani na sabuni inajikusanya, baada ya wiki unateleza wote kama ulivyo. Na pembeni ya mkeka woka inajikwaa.

Ukiniuliza mimi, ng'oa njia yake tu, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, upana wa woka na ziada kidogo. Hapo ama weka taili za chini zenye vipele, ama mwaga sementi na mchanga upige ufagio ikiwa mbichi. Usiruhusu fundi apige niru, ule ulainishaji wa sementi mpaka ing'ae, atakwambia inapendeza. Bila niru sakafu haitapendeza, ila haitatelezesha.

Kijana wa Chumbageni:
Nimekuelewa, njia tu. Wakati wa kumwaga hiyo sementi mzee anaogea wapi?

Fundi Grili:
Siku tatu nne asikanyage. Hamishia kiti uani, zungushia turubai, ila geti lifungwe mtu asiingie ghafla, maana huko nje atataka kukaa mpaka mchana.